Matarumbeta ya London, Ngoma za Bombay: Nani Anafaa Kulipwa Ngoma Ikibadilisha Mikono?

Hebu jiweke hapa. Ni Jumamosi, jua ni lile la saa nane, na kutoka mbali unasikia tarumbeta zikilia. Si Salvation Army wakielekea kanisani. Si bendi ya polisi ikijiandaa kwa sherehe za Madaraka. Ni ngoma ya Kihindi, ya muvi, aina ile ulijua ukiwa bado kwa kaptula ukicheki DJ Afro akikutafsiria kila ngumi. Lakini hakuna msee anaimba. Tarumbeta ndiyo inaimba. Saksafoni inaijibu. Chini yao kuna ngoma moja nzito inachapwa na fimbo pande zote mbili mpaka kifua kinatetemeka.

Hiyo sauti iliingia kwenye CD huko London mwaka wa 1999. Bendi inaitwa Bollywood Brass Band, na albamu yao ya kwanza waliipatia jina lao tu. Kazi yao ni moja: kuchukua ngoma za filamu za India na kuzipuliza.

Najua unachofikiria. 1999 ni kitambo, na London ni mbali. Hii story inakuhusu aje?

Inakuhusu kwa sababu ubishi ulio ndani ya hiyo CD ndio ule ule uko kwa simu yako kila wiki. Msee amechukua biti ya mwenzake. Kava imepata watazamaji wengi kuliko ngoma yenyewe. Mbogi ya bendi imechapa harusi mwaka mzima na bado landlord anabisha mlango. Nani anafaa kulipwa? Jina la nani linafaa kuandikwa?

Hii albamu ni mahali pazuri pa kutafuta jibu, kwa sababu karibu kila kitu ndani yake kimekopwa. Ala zimekopwa. Nyimbo zimekopwa. Hata staili ya kutembea ukipuliza imekopwa. Na bado sioni ukiita huo wizi. Wacha nikuonyeshe kwa nini, halafu nikuambie funzo ambalo mimi nililiona humo: barabara inakulipa mara moja, rekodi ndiyo inaweza kukulipa tena kesho.

Jeshi lilileta, harusi ikachukua

Tarumbeta na tuba hazikuzaliwa India. Zililetwa na jeshi la Waingereza, wakati wa kampuni ya East India na baadaye wakati wa utawala wenyewe wa kikoloni. Wafalme wa huko, wale maharaja, wakaona hizo bendi zikipiga gwaride na wao wakataka zao. Baada ya hapo raia wa kawaida akaona: kama mfalme anatembea na bendi, mbona kijana wangu asitembee na bendi siku ya harusi yake?

Hapo ndipo bendi iliingia kwenye baraat. Baraat ni msafara wa bwana harusi kwenda kumchukua mke. Jamaa yuko juu ya farasi, amefunga kilemba. Mbele kuna bendi imevaa sare za rangi kali na nyuzi za dhahabu, kofia kama za makamanda. Kando kuna watu wamebeba taa kichwani au begani, waya zikiwaunganisha na jenereta inayosukumwa nyuma. Familia inacheza katikati ya barabara na magari yanangoja. Ukiwa na haraka siku hiyo, pole.

Hii ilikua biashara kubwa mpaka mji wa Meerut, kaskazini mwa India, ukawa kitovu cha kutengeneza hizo ala. Kampuni ya Nadir Ali ya huko imekuwa kazini tangu 1885. Kwa hivyo kitu kilicholetwa na mkoloni kwa ajili ya gwaride kikawa kinatengenezwa na mafundi wa mtaa kwa ajili ya harusi.

Halafu muvi zikaanza kuongea. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilitoka 1931 ikiwa na nyimbo saba. Tangu hapo, wimbo wa filamu ndio ukawa wimbo wa taifa zima, na bendi ya harusi ikawa redio inayotembea. Ngoma ikivuma kwa sinema, kesho kiongozi wa bendi anaisikiliza, anaikariri kwa masikio, anawaimbia vijana wake kila mtu sehemu yake, na kesho kutwa iko barabarani. Mara nyingi hakuna karatasi ya noti. Ni masikio na pumzi.

Na usidhani hizo ngoma za filamu zenyewe zilikuwa safi bila kukopa. Studio za Bombay zilijaa wanamuziki kutoka Goa, watu ambao walikuwa wamefundishwa muziki wa Ulaya kwenye shule za kanisa chini ya Wareno. Chic Chocolate, mpiga tarumbeta wa jazz aliyelinganishwa na Louis Armstrong, alikuwa mmoja wao. Anthony Gonsalves, aliyepanga muziki wa okestra, mwingine. Hata ile "Mehbooba Mehbooba" ya filamu ya Sholay, 1975, ambayo R. D. Burman aliiimba mwenyewe, melodi yake ilitoka kwa wimbo wa Demis Roussos, Mgiriki. Kwa hivyo kama unatafuta mtu ambaye hajawahi kukopa kwa hii hadithi, utatafuta sana.

Wageni kutoka Jabalpur

Sasa turudi London. Mwaka wa 1992, bendi ya harusi kutoka mji wa Jabalpur, Shyam Brass Band, ilifika Uingereza kupiga shoo. Wanamuziki wa London waliokuwa wanapiga kwenye bendi za barabarani wakajiunga nao, wakatembea nao, wakajifunza nyimbo na staili. Wageni waliporudi nyumbani, wenyeji hawakuweka vitu chini. Waliendelea. Hiyo ndiyo ikawa Bollywood Brass Band.

Angalia hesabu hapo. Bendi imeanza 1992. Albamu ya kwanza imetoka 1999. Ni miaka saba katikati. Siku hizi msee anatengeneza biti Jumatatu na Ijumaa iko mtandaoni. Hawa walikuwa barabarani kwanza, kwenye harusi za Waasia wa Uingereza na kwenye sherehe za mela, mbele ya watu wanaojua kila wimbo kwa moyo. Ukikosea noti ya wimbo ambao bibi harusi aliimbiwa na mamake, utaonewa kwa uso wa kila shangazi.

Na hapa ndipo sisi tunaingia, kwa sababu hao mashangazi wengine walitoka hapa. Mwishoni mwa miaka ya 60, Waasia wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza waliondoka, wakikimbilia kufika kabla ya mlango kufungwa na sheria ya uhamiaji ya 1968. Mwaka wa 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Wengi walijipanga upya Leicester na London. Familia zilizowahi kucheki muvi za Kihindi kwenye sinema ya Shan pale Ngara, jengo ambalo leo unalijua kama Sarakasi Dome, zikawa zinafanyia harusi Uingereza. Soko la ngoma za filamu huko London lilijengwa pia na watu wa Ngara, Kisumu na Kampala.

Kuimba bila mdomo

Kabla tufike kwa doh, tuheshimu kazi. Kuchukua ngoma ya Bollywood na kuiweka kwa matarumbeta si rahisi vile inakaa.

Wimbo wa filamu umejengwa juu ya sauti ya mtu. Lata Mangeshkar, aliyefariki Februari 2022, alikuwa anaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama maji kwa kioo. Tarumbeta ina vali tatu. Ukibonyeza, noti inaruka, haitelezi. Mpulizaji lazima atumie midomo na pumzi kuipinda. Tromboni iko na bahati kwa sababu ina mkono wa kuvuta, saksafoni nayo inaweza kulia kidogo kama mtu.

Halafu kuna okestra. Wimbo mmoja wa Bombay unaweza kuwa na safu nzima ya fidla, filimbi, sitar na tabla. Wewe una watu kama kumi wanapuliza na kupiga ngoma. Kwa hivyo unachagua. Fidla zinakuwa saksafoni zikipiga pamoja. Besi inakuwa tuba. Tabla inatoka, dhol ya Punjab inaingia, na hapo wimbo wa mapenzi wa polepole unageuka kuwa wa kuhanya. Ni kava, ndiyo, lakini kuna watu wamekaa chini wakafikiria kila noti itaenda kwa nani.

Na CD ni mnyama tofauti na harusi. Harusini, bwana harusi akikwama kwa jam, unarudia kipande mara ishirini na hakuna anayelalamika. Mjomba akirusha noti juu, unaongeza spidi. Kwenye CD hakuna mjomba. Hakuna farasi, hakuna taa, hakuna shangazi wa kukuokoa kwa densi. Ni wewe na masikio ya mtu ameketi kwa nyumba yake. Albamu ya kwanza kwa bendi ya barabarani ni kama msee wa nganya kuambiwa aje afanye kazi bila gari.

Sasa tuongee ganji

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. India iko na Sheria ya Hakimiliki ya 1957. Ndani yake, kifungu cha 52 kinasema muziki ukipigwa kwenye sherehe ya kidini, huo si ukiukaji wa haki. Na sheria inaeleza wazi kwamba msafara wa harusi na sherehe zingine za harusi zimo humo ndani. Serikali ya India ilirudia jambo hilo kwa ilani ya umma Julai 2023, kwa sababu mahoteli na watu wa harusi walikuwa wanaendelea kudaiwa malipo.

Fikiria maana yake. Kwenye baraat, ngoma ni ya bure. Mtunzi hapati kitu. Bendi inapata ile pesa ya siku tu, inagawanywa na kiongozi, kila mtu anaenda nyumbani. Msimu wa harusi ukiisha, kazi imeisha. 2020 ilipofika na harusi zikafungiwa na corona, hakukuwa na kitu cha kuingiza hata shilingi wakiwa wamelala.

Lakini ngoma hiyo hiyo ikitoka barabarani ikaingia kwa rekodi inayouzwa, mambo yanabadilika. Sasa kuna haki mbili tofauti, na hizi zishike vizuri, kwa sababu wasee wengi hapa Nairobi wanazichanganya.

Ya kwanza ni ya utunzi: melodi na maneno. Hiyo inabaki ya aliyetunga au aliyenunua kutoka kwake. Ukiirekodi, lazima ruhusa na malipo yamfikie, hata kama hukuimba neno moja.

Ya pili ni ya rekodi yenyewe: ile sauti iliyonaswa siku hiyo studio. Hiyo inaweza kuwa yako kabisa, hata kama wimbo si wako.

Hapo ndipo nguvu ya albamu ya kwanza ilipo. Bendi ya kava haiwezi kumiliki wimbo, lakini inaweza kumiliki namna ilivyoupiga. Siku bendi inaingia studio, kibarua cha siku moja kinageuka kuwa mali.

Na hata watunzi wa India walipigana ndio wapate chao. Kwa miaka mingi studio za filamu zilimaliza mtunzi kwa malipo ya mara moja, na wimbo ukawa wa prodyuza. Sheria ilirekebishwa 2012, mshairi Javed Akhtar akiwa mmoja wa waliosukuma jambo hilo bungeni, na sasa mtunzi na mwandishi wa maneno hawawezi kunyang'anywa sehemu yao ya mirabaha kwa kandarasi. Kumbe hata watu wenye majina kwenye poster walikuwa wanalipwa kama wa barabarani.

"Lakini si hao wazungu wamechukua ya wenyewe?"

Swali zuri, na silikwepi. Kuna msee atasema: watu wa Jabalpur walifundisha, watu wa London wakatoa CD na kualikwa kwa matamasha. Ni ile story ya kila siku ya mwenye pasipoti kuchuma mti wa mwingine.

Kuna ukweli humo. Mwanamuziki wa bendi ya harusi India hana heshima kubwa. Gregory Booth, mtafiti aliyeishi nao na kuandika kitabu Brass Baja mwaka wa 2005, anaonyesha wengi wao wanatoka jamii za chini na zile zilizotengwa. Wanavaa nguo za kifalme, wanatembea mbele ya kila mtu, na hakuna anayejua majina yao. Sare ni ya jenerali, mshahara ni wa kibarua. Tofauti kati ya huyo na mpiga tarumbeta wa London haikuletwa na kipaji. Ni visa, ni studio, ni mtu anayejua kujaza fomu.

Lakini kukopa si shida. Angalia Bollywood Brass Band waliendelea kufanya nini: albamu iliyofuata, Rahmania, ilikuwa ya nyimbo za A. R. Rahman, na jina lake limewekwa pale mbele kwa kichwa cha albamu. Na jina la Shyam Brass Band halijafichwa kwenye historia yao. Ndipo wanapoanza kujieleza. Kwangu mimi mtihani wa kava ni maswali matatu. Umemtaja? Amelipwa? Umeongeza kitu chako? Ukifeli moja, tuongee. Ukifeli yote matatu, wewe ni mwizi mwenye tarumbeta.

Sisi tulikuwa na yetu pia

Kama unadhani hii ni story ya watu wengine, uliza wazee wa Pwani kuhusu beni. Neno lenyewe ni "bendi" ya Kiingereza, iliyomezwa na Kiswahili. Kutoka miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa waliona bendi za kijeshi za wakoloni, wakachukua zile sare, vyeo na gwaride, wakatengeneza ngoma ya mashindano ya mitaa. Mombasa ilikuwa na vikundi kama Kingi na Skochi, kila kimoja na wafuasi wake. Ilisambaa mpaka bara, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni dunia ile ile: ala za mkoloni, furaha ya wenyewe.

Na ngoma za filamu za Kihindi? Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kubwa kwenye taarab kwa kuweka mashairi ya Kiswahili juu ya melodi za Kihindi. Dar es Salaam, harusi bila matarumbeta juu ya pickup kwa watu wengi bado haijaiva. Na DJ Afro, kwani yeye alifanya nini? Alichukua muvi ya mtu mwingine akaipatia mdomo wake, na wengi wetu tunakumbuka sauti yake kuliko jina la steringi.

Kwa hivyo hatujakosa vipaji wala ubunifu wa kugeuza. Tunachokosa ni ile hatua ya pili. Kuna vijana wamejifunza kupuliza kwa Salvation Army, wengine Korogocho kwa Ghetto Classics, wengine bendi za shule. Wanaitwa harusi, mazishi, mikutano ya siasa. Wanachapa vizuri, wanalipwa, mara nyingine hawalipwi, na jioni hakuna kilichobaki isipokuwa video ya simu ya mtu mwingine, imepakiwa na mtu mwingine, inalipa mtu mwingine.

Ungekuwa mimi, ungefanya nini?

Kama uko kwa bendi, si lazima ungoje miaka saba. Lakini fanya hivi.

Chagua ngoma nne ambazo watu hukuitisha kila shoo. Kama ni za watu, tafuta wenye utunzi mapema na mwelewane, kabla hujaingia studio. Kama ni melodi zenu, andikeni siku hiyo hiyo nani alitunga nini na mgao ni asilimia ngapi, kila mtu aweke sahihi, hata kama ni kwa karatasi ya daftari. Urafiki wa bendi hufa siku pesa ya kwanza inaingia.

Halafu jua ni mlango gani unabisha. Hapa Kenya MCSK imekuwa ya watunzi, KAMP ya maprodyuza wa rekodi, PRISK ya wanaopiga na kuimba, na KECOBO ndiyo inayosimamia mambo ya hakimiliki na kutoa leseni kwa hivyo vyama. Ndiyo, najua, kumekuwa na drama nyingi za leseni na za wasanii kutumiwa pesa ya kununua kitunguu. Sikuambii mfumo ni safi. Nakuambia kama hujasajili kazi, hata siku mfumo ukinyooka hautajua unaishi wapi.

Na muda uko upande wako. Kwa sheria yetu, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Rekodi inalindwa miaka 50. Hiyo ngoma mnaipiga Jumamosi hii kwa elfu mbili kila mmoja inaweza kuwa bado inalipa ada ya shule ya mtoto ambaye hujamzaa.

Ile mbogi ya London ilichukua tarumbeta za jeshi, nyimbo za Bombay na mwendo wa Jabalpur. Hawakutunga hizo ngoma. Lakini siku moja walisimama, wakafunga mlango wa studio, wakapuliza, na kilichobaki ndani ya ile CD ni chao. Wewe nawe, Jumamosi ukimaliza kuchapa hiyo harusi na maharusi wakaondoka na gari lao la maua, jiulize: umebaki na nini mkononi?